Moto wa Kinywani

Jino la kwanza nililong'oa bila mtu wa kunisimamia lilikuwa jino zima.

Mwenyewe alikuwa muuza nyama hapa Busia, jina lake Bwire, mtu mnene mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mpaka. Alisema, "Hapa," akaweka kidole shavuni, nami nikakifuata kile kidole badala ya kugonga meno moja moja na kuangalia ni lipi linamfanya akunje uso. Kesho yake alirudi, shavu limevimba kuliko jana, na lile jino amelifunga kwenye karatasi. Hakugomba. Alilifungua juu ya meza yangu akasema, "Daktari, huyu uliyemtoa hakuwa na kosa. Mkosaji bado yuko ndani."

Basi gongeni kwanza. Maumivu ya jino hutembea, na kidole cha mgonjwa huonyesha yalipofika, si yalipotoka.

Sikuwa daktari. Nilikuwa afisa wa afya ya kinywa, mwenye cheti cha chuo, lakini kwa watu wetu yeyote mwenye koti jeupe ni daktari, na ukikataa wanaona unajidai. Kazi hiyo nimeifanya zaidi ya miaka thelathini katika kituo kimoja cha afya upande wa Kenya, mwendo mfupi kwa miguu kutoka geti la mpaka. Wagonjwa wetu hawakuulizwa nchi. Asubuhi unamtibu mama aliyeleta mihogo sokoni, mchana dereva wa lori, jioni anaingia mtu wa Tororo, upande wa Uganda, aliyesikia kwamba mkono wa Ojiambo ni mwepesi. Ojiambo ndiye mimi, na sifa hiyo ya mkono mwepesi sijui ilianzia wapi, maana Bwire angewaambia mengine.

Mwezi uliopita wawili kati yenu, mliotoka chuoni juzi, mlinitembelea hapa nyumbani Buhehe. Mlinikuta napalilia maharage. Mkaniuliza tuwafanyeje watu wa tumbaku. Mlisema mmewafundisha, mmewaonyesha picha za midomo iliyooza, na bado wanavuta. Nilicheka, nanyi mkatazamana kama watu waliodharauliwa. Sikuwacheka ninyi. Picha hizo niliwahi kuzibandika mwenyewe kwa mikono yangu, ukuta mzima. Mvua ikatukatiza mazungumzo, mkakimbilia pikipiki. Sasa nawaandikia yaliyobaki.

Nilipoanza, kiti chetu cha meno kilikuwa cha mbao, na kuegemeza kichwa cha mgonjwa kulitegemea mto wa kitambaa aliouleta mfagiaji wetu kutoka kwake. Vyombo tulivichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Mwanga ulikuwa tochi, nayo ilishikwa na yeyote aliyekuwa karibu, mara nyingi ndugu wa mgonjwa, na ndugu akiona damu mwanga unaanza kutetemeka. Ninyi mna taa ya juu na kiti cha umeme. Furahieni. Lakini tochi ya mkononi ilinifundisha jambo moja, kwamba unaona tu pale unapoamua kumulika.

Aliyenifundisha kumulika ni Sista Auma, muuguzi aliyekuwa mkuu wa kituo chetu, mwanamke mfupi, mwepesi wa kutembea, asiyependa maneno mengi. Wiki yangu ya kwanza alinitazama nikimpima bibi mmoja, kisha akaniambia, "Nyie watu wa chuo mnatazama meno kama wanunuzi wa ng'ombe. Ukimaliza meno inua tochi, utazame kaakaa. Hapa kwetu ugonjwa hukaa darini."

Niliinua tochi. Kaakaa la yule bibi lilikuwa jeupe na gumu, limepasukapasuka kama ukuta wa udongo wakati wa kiangazi, na katikati ya weupe kulikuwa na vidoa vyekundu. Sikuwahi kuona kitu kama hicho katika kitabu chochote tulichopewa chuoni.

"Anavuta moto ndani," Sista Auma alisema.

Kwa wale kati yenu mliokulia mjini, nieleze. Kuna wanawake wa umri wa bibi zangu, pande zote mbili za mpaka huu, wanaosokota tumbaku, wanaiwasha, halafu wanaigeuza na kuweka upande wenye moto ndani ya kinywa. Wanafunga midomo na kuvuta hivyo hivyo. Ukimwona kwa mbali utadhani anatafuna kijiti. Nimewauliza wengi kwa nini, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Upepo hauuzimi moto. Majivu hayamwangukii mtoto uliyembeba. Unaweza kulima mikono yote miwili ikiwa kazini. Mmoja aliniambia kwamba ukivuta hivyo baba mkwe hakuoni ukitoa moshi kama mwanamume, basi heshima inabaki.

Na heshima ndiyo iliyonichanganya kwa miaka mingi. Mwanamke kijana akionekana barabarani na sigara angeitwa majina yote. Lakini mama mzee akiwa uani kwake na moto wake kinywani alikuwa mtu kamili, na mkwe aliyekuja kumsalimu alimletea tumbaku iliyosokotwa vizuri kama mwingine anavyoletewa sukari. Kanisani mambo yaligeuka tena. Wazee wa kanisa waliita tumbaku dhambi, kwa hiyo wale wale akina mama walikaa viti vya nyuma, wakafunika midomo wakiimba. Sisi wa afya tulikuja na wimbo ule ule wa kanisa, tukabadilisha tu maneno. Mchungaji alisema utachomwa, mimi nikasema utaoza.

Kwenye fomu zetu kulikuwa na swali, Je, unavuta sigara? Wote walijibu hapana. Nikaandika hapana miaka na miaka. Hawakunidanganya. Sigara ni ile ya kiwandani, ya wanaume wa mpakani. Walichovuta wao kilikuwa tumbaku, na hiyo hakuna aliyewauliza.

Sasa nifike kwa Mama Athieno.

Alikuwa mjane wa Kiyeyi, huko Tororo, mkulima wa karanga na mtama. Alikuja kwetu na binti yake Akoth, ambaye aliuza nguo za mitumba sokoni Busia na alikuwa amechoka kusikia kwa simu kwamba mama yake halali kwa sababu ya jino. Mama Athieno alikuwa mrefu, mkavu, amevaa gomesi safi ya kwendea kanisani. Alikaa kwenye kiti changu wima kama shahidi mahakamani.

"Hii jino nasumbua mimi wiki mbili," alisema. "Toa tu."

Niligonga, nikalipata, gego la chini kushoto. Kisha nikainua tochi. Kaakaa lilikuwa jeupe kama nililoliona kwa wengine, lakini upande wa nyuma kulikuwa na kidonda chenye kingo zilizoinuka. Nilikuwa nimepoteza wagonjwa wawili mwaka huo kwa kansa ya kinywa, wote walifika kwangu wamechelewa, na nadhani hofu yangu ndiyo iliyosema. Nilichomoa kioo kinywani mwake, nikaelekeza kidole ukutani kwenye bango lenye picha mbaya kuliko zote.

"Unaona ile, Mama? Ndiyo hii yako. Hii ni kansa. Tumbaku hiyo mnayoambiwa kila siku muache, hamsikii. Umejiua mwenyewe."

Mlango wa chumba changu ulikuwa pazia. Nje kulikuwa na foleni ya watu wapatao kumi, na nilisema kwa sauti niliyozoea kuwasemea wenye masikio mazito. Akoth, aliyekuwa ameshika tochi, aliishusha. Mama Athieno alifunika kinywa na ncha ya mkanda wa gomesi yake, akashuka kwenye kiti, akapita katikati ya watu akitazama mbele. Jino lake alikwenda nalo.

Sista Auma alikuja baadaye, wagonjwa walipokwisha.

"Umeng'oa?"

"Hapana. Ameondoka."

"Nimesikia. Na foleni yote imesikia." Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, miguu haikufika chini. "Nani alikuambia ni kansa?"

"Inaonekana, Sista."

"Kuonekana ni kazi ya macho. Kusema ni kansa ni kazi ya maabara. Wewe una maabara machoni?"

Nilianza kukusanya vyombo.

"Umemwona kaakaa. Yeye mwenyewe hukumwona. Utamtafuta umrudishe." Akashuka. Mlangoni akageuka. "Na hizo picha zako, mimi mwenyewe zinanifanya niogope kuingia humu."

Hapa lazima niwaambie jambo ambalo sikuwaambia siku ile shambani. Mimi mwenyewe nilikuwa mvutaji. Nilianza chuoni, wakati wa mitihani, na sikuacha. Nilivuta nyuma ya stoo ya kituo, nikanawa mikono kwa spiriti, nikatafuna peremende, nikavaa glavu, kisha nikaingia kuwahubiria watu. Niliamini kwamba hakuna ajuaye. Nilimtumia Akoth ujumbe baada ya ujumbe, mlete mama, mwambie arudi, na kila mara baada ya kutuma nilikwenda nyuma ya stoo.

Miezi miwili ikapita. Siku moja Akoth alikuja kituoni bila kuitwa. Alisimama penye pazia, hakuingia.

"Daktari, Mama anagawa vitu vyake," alisema. "Kuku amewapa majirani wote. Amemwonyesha kaka yangu mahali pa kumzika, na kaka amefyeka. Watu wanakuja kumuaga. Chakula hali vizuri. Na tumbaku anavuta mara mbili ya zamani. Nikimkataza anasema, kama nakufa, kwa nini naacha?"

Nisomeni hapo mara mbili, ninyi mnaopenda picha za kutisha. Nilitaka kumtisha aache. Nilimtisha akavuta zaidi, na juu yake akaanza kufa kabla ya siku zake, kwa neno langu, ambalo hata sikuwa na hakika nalo.

Jumamosi ile tulivuka mpaka mimi na Akoth. Kutoka Tororo mjini tulichukua pikipiki mbili, jiwe la Tororo, lile kubwa kama mlima, likabaki nyuma yetu, tukafika Kiyeyi kabla ya jua kuwa kali. Mama Athieno alikuwa ameketi kwenye mkeka uani akibambua karanga. Alikuwa amekonda. Nyuma ya nyumba, penye migomba, niliona kipande cha ardhi kilichofyekwa upya.

Tulisalimiana kwa adabu zote, za nyumba, za shamba, za njiani. Nilipewa kigoda, nikakataa, nikakaa mkekani.

"Mama," nilisema, "nimekuja kuomba msamaha. Nilikuaibisha mbele ya watu. Na nilisema neno ambalo sikulijua. Sijui kama ni kansa. Nilikiona kidonda, nikaogopa."

Aliendelea kubambua. "Wewe nasema kansa."

"Nilisema. Nilikosa."

"Mimi nakwisha toa kuku yote."

"Akoth ameniambia."

"Hata jogoo." Alinitazama kwa mara ya kwanza. Kisha akauchukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akautazama kama mimi ninavyotazama jino. Kati ya vidole viwili ngozi ilikuwa ya manjano. "Wewe pia nakunywa," alisema.

Akoth aligeuza uso pembeni. Kwetu huku kuvuta sigara ni kuinywa, kwa hiyo hakukuwa na njia ya kujifanya sikuelewa.

"Nakunywa, Mama."

"Miaka ngapi?"

"Tangu nikiwa chuoni. Zaidi ya kumi na tano."

"Na mimi uliniambia najiua."

"Ndiyo."

Nilingoja anifukuze. Badala yake alianza kucheka, kicheko cha chini kisichotoa sauti, mabega yakitikisika, hata Akoth naye akashindwa kujizuia. Sijui kama nimewahi kuona haya namna ile, wala kama nimewahi kupumua vizuri namna ile. Zaidi ya miaka kumi na tano ya spiriti na peremende, na mama mmoja amemaliza kazi kwa kutazama vidole.

Baada ya hapo ndipo tulizungumza. Nilimuuliza swali nililopaswa kumuuliza siku ya kwanza, alianzaje. Alisema aliolewa msichana mdogo, na kwa mwaka mzima mama mkwe hakumwita kwa jina. Alipojifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe aliingia chumbani na tumbaku mbili zilizosokotwa, akawasha, akamfundisha kugeuza moto. Waliketi pamoja wakivuta, mtoto katikati yao. "Siku hiyo mimi nakuwa mtu," alisema. Walivuta pamoja jioni baada ya jioni mpaka mama mkwe akafa. Kisha mume akafa. Watoto wakaenda Busia na Kampala.

"Sasa, Daktari," aliniuliza, "mimi naacha, nakaa na nani?"

Chuoni nilifundishwa majina ya sumu zote zilizomo katika jani la tumbaku. Swali hilo sikufundishwa. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, lakini kwamba mimi pia nilitaka kuacha na nilikuwa nashindwa, na kama angekubali tungeshindwa pamoja kwa muda tukaona. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kikopo chake cha tumbaku, akakiweka mapajani mwangu. Akanyoosha kiganja. Nikatoa pakiti yangu mfukoni, nikampa.

"Yako nakaa kwangu, yangu nakaa kwako," alisema. "Na hospitali nakwenda. Lakini wewe nakuja."

Nilikwenda. Ilikuwa hospitali kubwa upande wa Uganda, ambako nilimfahamu daktari mmoja wa kinywa, mtu mtulivu. Alimtia ganzi, akang'oa lile gego lililoanzisha yote, kisha akakata kipande cha nyama kwenye kidonda, kidogo kama punje ya mtama, akakitia chupani. Alimweleza Mama Athieno kila hatua kabla ya kuifanya, kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuwa karibu sikuisikia vizuri. Nilijifunza hapo. Chupa ikapelekwa kwenye maabara ya mbali, tukaambiwa tungoje.

Kungoja huko kulichukua wiki sita, na ndizo zilizonifundisha kazi hii ya kuachisha watu tumbaku kuliko miaka yote ya kabla. Siku tatu za kwanza nilikuwa mkali kama nyuki. Nilimkemea mfagiaji wetu, yule mwenye mto, nikamwomba radhi, nikamkemea tena. Niligundua kwamba hamu ina saa zake. Kwangu ilikuja baada ya chakula na kila nilipomaliza mgonjwa mgumu. Haidumu. Ukiweza kuipa kazi nyingine kwa dakika chache inapita, kama mtu aliyebisha hodi akakuta hakuna wa kumfungulia. Mimi nilikunywa maji na kuzunguka kituo. Mama Athieno alitafuna karanga, na zikimkinai, muwa. Kila jioni Akoth alipita kituoni akitoka sokoni, akampigia simu mama yake, kisha akanipa nami kwa dakika moja.

"Leo?" ananiuliza.

"Leo bado. Na wewe?"

"Bado."

Ndiyo yote tuliyosema, mara nyingi.

Wiki ya nne nilikwenda mazishini kwa mjomba wangu, nikakaa na binamu zangu, mmoja akanipa sigara, nikavuta. Kisha nikavuta nyingine. Jioni niliporudi kituoni na Akoth akanipa simu, nilitaka kusema bado.

"Daktari?" Mama Athieno aliita.

"Leo nimeanguka, Mama. Mbili."

Kisha akasema, "Mimi naanguka mara mbili. Wiki jana na wiki ile ingine. Naona haya kukuambia."

Ningemwambia mgonjwa mwingine kwamba amerudi mwanzo. Vitabu vya siku zile vilihesabu hivyo. Lakini nilijua mimi mwenyewe kwamba sikuwa nimerudi mwanzo. Siku ishirini na kitu za kutovuta zilikuwa zangu, hakuna aliyezichukua. Nilimwambia hivyo, naye akasema haya, kesho tena. Kwa hiyo mtu akija kwenu akisema ameanguka, msimtolee macho. Aliyekuja kusema bado yuko njiani. Mtafuteni yule aliyeacha kuja.

Siku ya majibu tulikwenda wanne, Mama Athieno, Akoth, kaka yake aliyefyeka, na mimi. Nilikuwa na hofu kuliko wao, nadhani, kwa kuwa nilijua jinsi karatasi ile inavyoweza kusomeka. Daktari aliisoma kimya, akaiweka mezani, akamgeukia yeye, si mimi.

"Mama, si kansa."

Daktari akaeleza polepole kwamba ni ngozi iliyochomwa na moto na moshi kwa miaka mingi, kwamba ingeweza kugeuka kuwa mbaya kama angeendelea, kwamba kidonda tayari kilikuwa kimeanza kufunga tangu apunguze, na kwamba aje kutazamwa kila baada ya miezi kadhaa. Yule mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, alitoka nje. Tulimkuta ameketi kwenye ngazi analia kama mtoto. Mimi niliegemea ukuta. Nilihisi kama mtu aliyebeba gunia tangu Busia ndipo anaambiwa alitue, na hajui mikono aiweke wapi.

Mama Athieno alikuwa anafikiri. Tulipokuwa tunangoja pikipiki alimgeukia binti yake.

"Sasa ile kuku yangu narudi namna gani?"

Ilirudi kiasi. Majirani wengine walileta wenyewe wakifurahi. Wengine walikuwa wamekwisha kula. Jirani aliyepewa jogoo alisema jogoo amezoea kwake, na mpaka nilipoacha kuuliza habari zake shauri hilo halikuwa limeisha. Pale palipofyekwa walipanda sukumawiki.

Nilirudi kazini nikatoa mabango yote. Sista Auma alinisaidia kubandua, na niliona ameyakunja moja moja kwa raha. Pazia tukalibadilisha kwa mlango wa mbao. Swali la fomu sikuwa na ruhusa ya kulibadilisha, lakini hakuna aliyenizuia kuuliza langu kwanza, tena kwa kuanza na mimi. Nilisema, "Mimi nimekunywa sigara miaka mingi, ndiyo naacha. Wewe unatumia gani? Ya kusokota, ya kunusa, ya kutafuna? Moto ndani au nje?" Watu walicheka, kisha wakajibu. Katika mwezi mmoja niliandika ndiyo nyingi kuliko miaka yote iliyotangulia. Ugonjwa haukuwa umeongezeka. Masikio yangu yalikuwa yamefunguka.

Huko Kiyeyi, lile swali la nakaa na nani lilijijibu bila mimi. Wanawake watatu wa rika lake waliposikia habari za ile karatasi walikuja kumwuliza ilikuwaje. Wakakaa. Wakabambua karanga pamoja. Wiki iliyofuata wakaja tena, wengine bado wakivuta, na hakuwafukuza wala hakuwahubiria. Aliwaambia tu wakae upande wa upepo. Wawili waliacha baadaye. Wa tatu hakuacha mpaka leo, na bado anaalikwa.

Najua yenu si yale yale. Moto ndani unapungua kadiri bibi wanavyotutoka. Ninyi mnakutana na vijana wa pikipiki wenye tumbaku ya pakiti chini ya mdomo, inayovushwa mpakani ndani ya mifuko ya nguo, na wanafunzi wenye vifuko vidogo vyeupe vyenye harufu ya mnanaa, ambavyo mama zao hudhani ni peremende. Shusheni mdomo wa chini muone ufizi. Halafu msipige kelele. Ulizeni alianzaje na anavitumia akiwa na nani. Kijana aliyepewa cha kwanza na rafiki zake siku walipomkubali kijiweni, na msichana aliyepewa na mama mkwe siku alipokuwa mtu, hawapishani sana. Mkitaka aache, mfikirie atakaa na nani kesho yake.

Mwisho wangu wa kazi ulikuwa wa kawaida, soda na keki na hotuba. Lakini wiki ile ya mwisho Mama Athieno alikuja kutoka Kiyeyi na Akoth, akapanga foleni kama wengine, akakataa kupitishwa mbele. Zamu yake ilipofika alikaa kwenye kiti kipya cha umeme na kukilalamikia kwamba kinamlaza kama mgonjwa. Niliwasha taa nikatazama. Kaakaa lilikuwa la waridi, na nyuma kulikuwa na kovu jembamba tu. Nilimwambia.

"Vizuri," alisema. Akashuka. "Sasa wewe nakaa."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nilikaa. Alimwambia Akoth amulike, akanishika kidevu kwa mkono uliokuwa na harufu ya karanga, akaniamuru nifungue, niinue ulimi, nigeuze huku, nigeuze kule, kila kitu kama alivyoniona nikifanya. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumtazama yeye. Kisha akanusa pumzi yangu, na vidole vyangu, vya mkono huu na huu.

"Iko safi," alisema. "Sasa wewe nakwenda nyumbani."